Nyuma Pameandikwa Baba Kajiru

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimenunua daftari hili kwa sababu nimechoka kugombana na watu kwa mdomo. Acha nigombane nao humu.

Leo tena mtu kaleta picha ya bibi yake, kaandika mgongoni kwa biro, tena nyekundu, katikati, wino umetokea mbele usoni kwa marehemu kama upele. Nikamwambia penseli, kaka yangu, penseli laini, tena pembeni. Akacheka, eti Doris utadhani umesomea. Sijasomea. Mimi ni mtunza mafaili kwenye zahanati ya meno hapa Dubai, mtaa wa Oud Metha, na mwaka juzi bosi wangu, sir Thamer, aliponunua skana mpya akaniambia ile ya zamani nichukue au nitupe. Nikaichukua. Ndiyo iliyoanzisha haya yote: chumba cha nyuma kwenye duka la ushonaji la mzee Gervas hapa Bur Dubai, meza moja, skana moja, na picha za familia za watu wa Vudee, mlimani kwetu Upareni, zinazokuja moja moja kwenye mabegi ya wanaotoka likizo. Kule nyumbani mzee akifa picha zake zinaliwa na panya au zinawashiwa moto. Hapa zinakaa. Mpaka leo tuna mia nne na kumi na mbili.

Sheria zangu nimezibandika ukutani. Moja, penseli tu. Mbili, kila picha iskaniwe mbele na nyuma. Tatu, hakuna kukata pembeni mwa picha, hata kama kuna kuku amepita. Nne, jina haliingii kwenye faili mpaka mtu aliyemjua mhusika athibitishe kwa mdomo wake. Baba Monicah anasema hiyo ya nne ni ya polisi. Baba Monicah ndiye huyo mzee Gervas. Monicah ni binti yake wa kwanza, na Dubai nzima anayemwita Gervas ni mwenye jengo peke yake.

Ijumaa, 6 Juni

Nyuzi joto arobaini na mbili. Sina la kuandika.

Jumapili, 15 Juni

Kuanzia leo mafundi wa nje wanapumzishwa mchana, saa sita na nusu hadi saa tisa, mpaka katikati ya Septemba. Ndivyo tunavyojua kiangazi kimeingia.

Anna kaja. Anafanya kazi za ndani, madam wake anampa Jumapili mbili kwa mwezi. Leo kaja na mfuko uliotoka kwa bibi yake kule Vudee, Bi Nakundwa. Picha thelathini na moja zimefungwa kwa kipande cha khanga. Nyingine zilikuwa zimegandana kwa unyevu, nikazitenganisha kwa uzi wa kusafishia meno, maana huo zahanati kwetu haukosekani. Kazi ya saa tatu, na shingo inaniuma mpaka sasa.

Ya kumi na tisa ikanisimamisha. Kijana wa miaka ishirini na kitu, shati jeupe, kakaa kwenye kiti cha mbao, mikono magotini, anaitazama kamera bila woga. Nyuma yake kuna shuka jeupe, na aliyelishika kasimama nje ya picha. Vinaonekana vidole vyake tu, kwenye ukingo wa kushoto. Nikageuza. Kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: BABA KAJIRU.

Kajiru ni baba yake kaka Elisante.

Elisante ni mwenzetu, formani wa ujenzi hapa Dubai, ana miaka hamsini na mitano, na hajawahi kuiona sura ya baba yake. Kajiru alifia Tanga kwenye mashamba ya mkonge mwaka 1970, Elisante ana miezi minne, na picha hakuacha hata moja. Bi Nakundwa ni dada yake huyo Kajiru. Lakini nyumba hizi mbili hazisemeshani tangu zamani, na sababu ni mume wa Bi Nakundwa, mtu aliyeitwa Mbonea. Alipewa shamba la kahawa la marehemu alitunze mpaka mtoto akue. Akaliuza, akavuka kwenda Kenya, hakurudi. Mama yake Elisante akashuka mlima na mtoto mgongoni, akaenda kukaanga maandazi Same mjini mpaka alipokufa. Elisante hataji jina la Mbonea bila kutema mate kwanza.

Nikamuuliza Anna kama anamjua wa kwenye picha. Hapana, bibi hazungumzii mambo ya zamani. Tukapiga simu kwa jirani yake bibi, tukaambiwa kapelekwa Moshi kutibiwa macho, atarudi Agosti. Sheria ya nne inasema nisubiri. Nikaitazama ile pua, nikaiona ni ya Elisante. Nikasema, dada mtu kaandika kwa mkono wake mwenyewe Baba Kajiru, sasa namsubiri nani? Nikachukua penseli, nikaandika kwenye faili: Kajiru, baba yake Elisante.

Jumapili, 22 Juni

Kaka Elisante kaja amevaa suti. Kwenye joto hili. Nilimwambia tu kwenye simu kwamba kuna picha aje aione, lakini naona sauti yangu ilimwambia mengine yote.

Nilimpa glavu za pamba akavaa bila ubishi, yeye ambaye hata helmeti anavaa kwa kusukumwa. Akaishika kwa mikono miwili, akakaa nayo mpaka Baba Monicah akazima cherehani kule mbele. Halafu akasema, "Kumbe alikuwa mdogo hivi. Nimemzidi umri baba yangu mara mbili."

Tulilia wote. Baba Monicah akasema pua ni ileile, Anna akasema masikio, mimi nikasema tazama alivyokaa, ndivyo unavyokaa wewe. Akatuuliza mara tatu, kweli? Tukamwambia kweli kabisa.

Ameiweka kwenye kioo cha simu yake. Alipotoka nilimsikia kwenye ngazi akiiambia shikamoo.

Jumapili, 29 Juni

Mkataba wa Elisante unaisha Septemba. Anaondoka tarehe kumi na mbili, na tarehe ishirini watajenga kaburi la baba yake kule Vudee, ambalo ni la udongo mpaka leo, miaka hamsini na mitano. Kuna mafundi wa mawe hapa wanaochora sura ya mtu kwenye jiwe jeusi, unaona mpaka nyusi. Anataka hilo. Fundi kamwambia picha ni nzuri ila vile vidole pembeni vinaharibu, vitolewe.

Nikavitoa kwenye nakala ya fundi. Nilijiambia sheria ya tatu ni ya faili, si ya jiwe.

Jumatano, 2 Julai

Angella, ninayekaa naye chumba kimoja huku mtaa wa International City, kaniuliza kwa nini siku hizi naimba nikipika. Yeye ni mlinzi, Mganda, anasimama saa kumi na mbili mlangoni kwa watu, akirudi hataki kelele. Nilimweleza habari ya Elisante. Akasema, "Hiyo ni kazi ya Mungu unafanya." Nikaimba zaidi.

Jumapili, 13 Julai

Jiwe limekuja, limesukumwa kwenye toroli na watu wawili. Lilipofunuliwa watu walisogea karibu. Yule kijana yupo mle ndani ya weusi, shati, nyusi, kila kitu, na chini yake KAJIRU. Chama chetu kizima cha watu wa Vudee kilikuwepo, watu ishirini na saba kwenye chumba cha mashine tatu. Walinipa kitenge. Elisante alisimama akasema yeye alikuwa mtu asiye na baba, na sasa kila asubuhi kabla hajapanda juu ya jengo anatoa simu anamwamkia mzee wake, ndipo anapanda. Akaniita mwalimu wa kumbukumbu.

Nilipenda kuitwa hivyo. Naandika ukweli.

Jumapili, 20 Julai

Jiwe limeondoka na kago ya meli kwenda Dar.

Ijumaa, 25 Julai

Unyevu. Esi inayopoza chumba cha nyuma imekufa, picha zinajikunja zenyewe mezani. Nimezihamishia zahanati kwa siku tatu, kwenye kabati la meno ya bandia.

Jumapili, 3 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Bi Nakundwa karudi kutoka Moshi. Jicho moja linaona. Nilisema basi tumalize, kila picha ipate sauti, Anna yupo, simu ya jirani ipo, nimweleze kila picha nikirekodi akitaja majina. Ilikuwa ni kukamilisha tu. Nilikuwa nakunywa chai.

Picha ya kwanza mpaka ya kumi na nane alitaja vizuri, na utani juu yake, nani alikuwa mlevi, nani aliiba mbuzi. Nikafika ya kumi na tisa. Nikamwambia, bibi, hii ni ya kaka yako, kijana amekaa kitini, nyuma umeandika Baba Kajiru. Akaniambia nirudie. Nikadhani mtandao.

"Huyo si kaka yangu," akasema. "Kaka yangu ningemwandika kaka. Mimi namwitaje kaka yangu baba? Huyo ni baba Kajiru. Baba wa mwanangu."

Nikamuuliza mwanao yupi, bibi. Anna naye akanitazama, hajui. Ndipo akatueleza, taratibu, kana kwamba anatoa kitu kwenye sanduku. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka uleule aliokufa kaka yake, akampa jina la marehemu, Kajiru. Surua ikamchukua hajafikisha miaka mitatu. Mama yake Anna alikuwa bado tumboni, hakumwona, na baada yake hakuna aliyelitaja jina hilo tena. Ila mume alikuwa keshazoeleka kwa jina la mtoto, na mke wa Kipare wa wakati ule hamtaji mumewe kwa jina lake. Alipojifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, mume keshakwenda Kenya na mtoto keshazikwa, ndipo akaandika nyuma ya picha. Anna akamuuliza mbona aliitunza. Akasema, "Ni baba wa watoto wangu. Ningemchoma?"

Mbonea. Yule kijana wa shati jeupe ni Mbonea.

Kila wiki naingia dukani namwita Gervas Baba Monicah. Haijawahi hata siku moja kunipitia akilini kwamba jina lake ni Monicah. Mama yangu mwenyewe alikufa akimwita baba yangu Baba Doris. Nilikuwa nimelibeba jibu mdomoni miaka yote, na siku nilipolihitaji nikasoma kama mtu asiyejua Kiswahili. Nilisoma kwa mdomo wa Elisante, kama yeye ndiye anayesema baba, kwa sababu nilitaka kumwona analia kwa furaha mbele yangu.

Sasa sura ya mtu aliyemdhulumu imechorwa kwenye jiwe la kaburi la baba yake, na jiwe liko baharini. Wazee wa Vudee wanaomkumbuka Mbonea bado wapo. Tarehe ishirini Septemba watasimama pale kaburini, nguo nyeupe itafunuliwa, na watamwona.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesema tumbo linaniuma, nimelala.

Jumanne, 5 Agosti

Bado.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo zahanati madam mmoja kaja na faili lenye jina lililokosewa herufi moja, kanifokea dakika kumi. Nilimshukuru mpaka akashangaa.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikwenda nikiwa nimeamua kumwambia. Elisante alikuwepo, kanyoa, anacheka. Kumbe wiki nzima anajifunza hotuba atakayoitoa kaburini. Akanisomea. Inaanza, "Baba, leo tumeonana." Nikamsahihishia mahali pawili, nikamwambia ni nzuri, nikaondoka.

Mimi ni mwoga. Hilo nalo chukua penseli uliandike, mwalimu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemweleza Baba Monicah. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni. Kisha akasema nimwache mtu na baba yake. Eti wazee waliobaki ni wanne, wawili hawaoni, na sura ya ujanani nani anaikumbuka. Eti picha imemfanyia Elisante kazi ambayo kanisa halikuweza miaka hamsini, kaacha hata pombe. Nikamwambia Bi Nakundwa anaona jicho moja, naye ataalikwa. Akasema asialikwe.

Nilitoka na hasira, lakini hasira yangu ilikuwa kwamba ushauri wake ulinivutia. Nilitembea hadi kwenye vituo vya abra, zile boti za kuvushia watu, nikakaa kivulini na jasho langu, nikajipa sababu zote za kunyamaza. Zilikuwa nyingi na zote zilikuwa nzuri.

Jumanne, 19 Agosti

Angella hakunihurumia. Alikuwa anavua buti, hata hakunitazama. "Wewe hauogopi ataumia," akasema. "Wewe unaogopa watasema Doris alikosea. Hiyo kitu ni yako, si ya yule mzee."

Nikamletea beseni la maji aweke miguu. Mtu akikuambia ukweli na miguu yake imevimba kwa kusimama, unakosa hata pa kumgombeza.

Jumapili, 24 Agosti

Nimemwambia.

Nilimwomba Baba Monicah atoke, akatoka akifunga mlango kwa nguvu. Nilimweka Elisante kwenye kiti, mimi nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikasema, "Kaka, nimekosea. Aliye kwenye picha si baba yako. Ni Mbonea."

Nikamweleza yote, mtoto wa kwanza, surua, jina, mke asiyemtaja mume. Akasema nimpe picha. Nikampa, bila glavu, akaigeuza akasoma nyuma kwa sauti, Baba Kajiru, akairudia, na mara ya pili niliona imemwingia. Akasema, "Hata mimi ningesoma hivyo." Nilitamani angenitukana.

Kisha akatoa simu yake mfukoni. Akaiangalia ile sura, kidole chake kikawa kinaelea juu ya kioo bila kubonyeza. Akasema, "Wiki tisa. Nimemwamkia Mbonea wiki tisa."

Akailaza simu kifudifudi mezani. Akaniuliza kama Bi Nakundwa ana uhakika, nikamwambia ndiyo. Akasema jiwe limetoka bandarini Ijumaa, liko kwenye lori kwenda Same. Akachukua simu, akaondoka. Hakuniaga. Suti yake, ile ya Juni, kaiacha begani mwa kiti. Alikuwa kaileta ipunguzwe kwa ajili ya sherehe.

Jumapili, 31 Agosti

Hakuja. Chama kizima kinajua. Wawili wamekuja kuchukua bahasha zao za picha, wanasema hawana uhakika tena nimeandika nini nyuma ya watu wao. Niliwapa. Baba Monicah anashona, haniongeleshi. Anna alikaa kwenye kona akilia, nikadhani analia kwa ajili ya mjomba wake Elisante. Kumbe analia kwa kuwa alimtazama babu yake wiki saba, akimwona mzuri, huku sisi tukimwambia ni baba wa mwingine.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempigia Elisante mara sita. Haipokelewi.

Jumapili, 7 Septemba

Nilichukua ufutio. Kwenye faili la ya kumi na tisa nikafuta: Kajiru, baba yake Elisante. Penseli ilitoka yote, karatasi ikabaki safi, na hilo liliniuma kuliko madoa. Nikataka kuandika Mbonea nimalize, nifunge chumba, nimrudishie sir Thamer skana yake. Lakini nikatazama ukutani. Nne. Nikamwambia Anna tumpigie bibi tena, safari hii naanza upya kama sijui kitu.

Nikamuuliza yote. Nani amekaa. Wapi. Kiti cha nani. Nani alipiga. Akajibu moja moja: Mbonea, uani kwa baba mkwe, kiti cha mwalimu wa shule, mpiga picha mmoja aliyepanda kutoka Same, mara moja tu, wakati wa Pasaka. Nikamuuliza na shuka je.

Bibi akacheka. Sijawahi kumsikia anacheka namna ile.

"Shuka lilikuwa langu la harusi," akasema. "Upepo ulikuwa unalipeperusha, hakuna pa kulifunga. Kaka ndiye aliyelishika. Alikuwa kaja likizo kutoka mkonge. Akasema mpigeni shemeji kwanza, mimi nafuata."

Nikamuuliza, na yeye alipigwa?

"Filamu ikaisha. Akasema atapigwa mwakani."

Anna alikuwa keshanishika mkono. Mimi nilikuwa nimeumwa mara moja, sikutaka kuumwa tena. Sikumwambia bibi ninachokitafuta. Nikamuuliza tu, kaka yako alikuwa na alama yoyote mwilini? Akasema kovu kwenye goti, la kuanguka. Na kidole. Kile cha pili, baada ya gumba, mkono wa kushoto, alikikata kwa panga utotoni akikata majani ya mbuzi, kikabaki nusu.

Nikakata simu nikaiweka picha kwenye skana kwa ukubwa wa mwisho inaoweza. Inachukua dakika nne. Nilisimama nikiitazama taa ikitembea chini ya kifuniko. Kisha ukingo wa kushoto ukajaa kioo kizima cha laptopu: pindo la shuka, na vidole vinne vimelikunja, mkono wa kushoto, kucha zina udongo. Kile cha baada ya gumba ni kifupi. Kimeishia kwenye fundo la katikati, mviringo, hakina kucha.

Hivi ndivyo vidole nilivyovikata mimi, ili baba atokee vizuri.

Jumatano, 10 Septemba

Nimetoka kazini nikapanda basi mbili hadi kwenye kambi ya mafundi anakolala Elisante. Mlinzi hakuniruhusu kuingia. Ni ya wanaume peke yao. Nikamtumia ujumbe: niko getini, nitakaa mpaka utoke. Jua lilikuwa bado halijazama na lami inachoma mpaka ndani ya viatu. Akatoka na ndala, fulana, uso wa mtu aliyeamka. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa.

Nikamwonyesha. Nikamweleza Pasaka, upepo, shuka la harusi, filamu. Nikamwambia kidole, na kwamba bibi alikitaja kabla mimi sijatazama, na Anna ni shahidi. Malori ya maji yanapita, watu wanarudi kutoka saiti na vikapu vyao vya chakula.

"Umehakikisha?"

"Mara mbili, kaka."

"Usiniambie tunafanana."

"Sisemi kitu."

Akachukua simu yangu. Akaweka kidole chake cha kushoto kwenye kioo, juu ya kile kifupi, akapima. Cha kwake kilikipita. Machozi yakamtoka bila sauti, yakaingia kwenye ndevu, hakuyafuta. Akasema nimtumie picha hiyo. Nikamuuliza nimtumie vidole tu, au.

"Nzima," akasema. "Usikate kitu. Mwache na huyo mwingine akae pale. Ndivyo walivyokuwa siku hiyo."

Nikamkabidhi na suti yake, Baba Monicah kaipunguza. Akaipokea. Akaniambia nisitembee hadi kituoni, nisubiri basi kivulini. Hilo tu, lakini nililibeba njia nzima.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo mapumziko ya mchana ya mafundi yamefika mwisho. Joto ni lilelile.

Jumapili, 21 Septemba

Nimepata ujumbe wa sauti wa Elisante kutoka Vudee, dakika sita, upepo mwingi. Naandika nilichosikia.

Jiwe lilifika salama. Alilitoa kwenye majani ya kufungia siku mbili kabla ya sherehe, akaazima grainda ya fundi wa vyuma, akafuta ile sura peke yake, mpaka jiwe likawa na bonde. Hakutaka msaada wa mtu. Kisha akaligeuza. Nyuma lilikuwa halijang'arishwa, limeparuza, na ndiko alikochonga kwa patasi, yeye ambaye amejengea watu maghorofa hapa miaka kumi na tisa na hajawahi kuandika jina la mtu kwenye jengo hata moja. KAJIRU. Basi. Bonde liko chini, limezikwa kwenye saruji.

Shangazi yake, Bi Nakundwa, alikuja. Alishikiliwa mkono na jirani mpaka kaburini, watu wakapisha njia, kuna walioguna. Elisante alimwamkia, shikamoo shangazi, mara ya kwanza maishani mwake. Kisha akamwomba asimulie ile Pasaka mbele ya watu wote, na bibi akasimulia, na alipofika kwenye upepo akainua mkono wake wa kushoto, akaushika hewani hivi, kuonyesha kaka yake alivyosimama. Anasema hotuba yake hakuisoma. Hapakuwa na haja.

Mwisho wa ile sauti anasema, "Mdogo wangu, liandike sasa."

Nimemwomba Baba Monicah asimame karibu aone. Kasimama, miwani puani, kanichongea penseli kwa mkasi wake. Nimeandika kwenye faili la ya kumi na tisa, pembeni, taratibu:

Aliyekaa: Mbonea, aliyeitwa Baba Kajiru kwa jina la mwanawe. Kushoto, aliyeshika shuka: Kajiru, baba yake Elisante. Imethibitishwa na Nakundwa, dada yake.